Utani Ulioingia Gazetini

Siku ya tatu tangu tuhamie Temeke, Hamisa wa chumba cha mbele alinifuata uani nilipokuwa naanika vitambaa vya mtoto. Akaniambia nikipita mbele ya mlango wa Mzee Sadallah, mpangaji wa chumba cha nyuma, nimfunike mwanangu Nassibu uso.

Nikamwuliza kuna nini.

"Yule mzee akikuchora umekwisha," akasema, huku akiutazama mlango wa nyuma. "Alimchora mtu mmoja hapahapa mjini, mtu mzima na kazi yake. Mke kafa, yeye kahama. Sura zao kazifungia kwenye sanduku, chini ya kitanda. Mie nikienda bafuni nazungukia jikoni, sipiti kwake."

Hamisa alikuwa akichoma vitumbua kila asubuhi, na habari zake zilikuwa kama vitumbua vyake, lazima ziumuke kidogo kabla hajakupa. Lakini mtoto wa kwanza humfanya mtu mwoga. Wiki mbili nzima nilimpitisha Nassibu pale na kanga usoni. Mzee Sadallah alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akiitikia shikamoo yangu kwa upole, wala hakuuliza hata siku moja kwa nini mwanangu hana uso. Hilo nalijutia mpaka leo.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Nassibu alikuwa na miezi saba, anaota meno. Baba yake alikuwa mpakiaji bandarini, anatoka alfajiri na kurudi akiwa hana la kusema ila kulala. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kisha baba yangu akasema inatosha. Kitu pekee nilichobaki nacho cha shule ni penseli. Nilikuwa nawachorea wanawake maua kwenye vitambaa vya meza, wao wakadarizi juu ya mistari yangu.

Siku moja nilikuwa barazani na kitambaa kimetandikwa juu ya ubao, Mzee Sadallah akaja polepole, mkono ukutani. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa, akakaa hivyo kitambo.

"Ua hili lina majani mengi," akasema. "Yapunguze, litakuwa ua kweli."

Nilichukia kidogo, maana nani alimwuliza. Alipoondoka nikafuta majani manne. Ua likasimama. Kuanzia siku hiyo nikaacha kumfunika Nassibu.

Nilimjua taratibu. Alikuwa Mzaramo wa upande wa Kisarawe. Zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kupiga chapa mjini, akipanga herufi za gazeti mojamoja kwa kibano, na kwenye gazeti hilohilo akichora hadithi za picha za kuchekesha. Macho yalipomwacha, kiwanda nacho kikamwacha. Mkewe alikwisha kufa, binti yake ameolewa Kilwa. Kazi ya Mzee ilikuwa kukaa mlangoni na kusikiliza watu wanavyotembea. Alimjua kila mpangaji kwa hatua zake.

Kisha akaja Bwana Leodegar na baiskeli, kijana mwenye tai, karani wa kiwanda kile. Alisema wakubwa wanataka kutoa kitabu cha picha zote za zamani, kipangwe mwaka kwa mwaka, wasomaji waone jinsi mkono wa wachoraji ulivyobadilika tangu miaka ya thelathini mpaka sasa. Picha zenyewe anazo Mzee peke yake, maana kiwanda hakikuweka. Alimpa siku kumi na nne. Akamwambia, "Na Matege wote, Mzee. Hata mmoja usimwache."

Niliona Mzee Sadallah anaguna tu.

Leodegar alipokwisha kupanda baiskeli, Mzee akaniita. Akasema mimi nina macho na nina darasa la nne, basi nimsomee tarehe. Sanduku likatolewa chini ya kitanda. Hamisa alipopita na karai lake akaniona nimepiga magoti mbele ya sanduku, mtoto mgongoni, akasema shauri yako, akaenda zake kwa kuzunguka jikoni.

Hapakuwa na sura za watu waliofungiwa. Palikuwa na karatasi, nyingine zimeliwa na mende pembeni, zimefungwa mafungu kwa uzi wa magunia.

Fungu la kwanza lilikuwa la mwaka wa thelathini na moja. Siku zile, alinieleza, picha haikuchorwa kwa wino. Ilichongwa kwenye kipande cha ubao, ubao ukapakwa wino, ukapigwa chapa, na kila kitu hutoka kinyume. Yeye alikuwa mgeni wa kazi. Picha yake ya kwanza ilikuwa karamu ya harusi, watu wanane wamezunguka sinia la pilau. Aliichonga kwa wiki nzima, hata punje za mchele zilionekana. Gazeti lilipotoka, wote wanane walikuwa wakila kwa mkono wa kushoto. Masharifu wawili na mwalimu wa chuo walifika kiwandani kuuliza ni nani anayewafundisha watu adabu za shetani. Mzee alisimulia huku akifuta machozi ya kicheko. Ilibidi wiki iliyofuata aandike chini ya picha kwamba kosa ni la ubao, si la wageni.

Nikazipanga zile karatasi kwenye mkeka. Watu wa miaka ile walikuwa wamesimama wima kama wanaopigwa picha kwa mpiga picha, kila mkunjo wa kanzu na mstari wake, kila tofali la ukuta limechongwa. Maneno yalikuwa chini ya picha, marefu kama barua. Na nikaona jambo moja, nikamwambia: hawa wote ni mtu mmoja. Kadhi, mpishi, mwizi wa kuku, sura ni ileile.

"Umeona," akasema. "Wakati ule tulichora heshima. Mtu hatukumchora."

Fungu la pili lilikuwa la miaka ya vita. Karatasi ilikuwa adimu, na picha zenyewe zilikuwa ndogo kama kiberiti. Humo mlikuwa na mikono ya wachoraji wawili. Nilijua bila kuambiwa, maana katika baadhi ya picha watu wote walikuwa wameficha mikono, huyu mfukoni, yule mgongoni, mwingine amebeba gunia. Mzee akasema huyo ni Albano, mwenzake aliyetoka kusini, aliyeingia kazini mwaka wa arobaini na mbili na kufa kwa homa kabla vita havijaisha. Alichora kwa brashi. Kunguru wake ungedhani ataruka na karatasi, lakini vidole vya binadamu vilimshinda kabisa. Mzee alisema alimwonea wivu kwa sababu ya wale kunguru mpaka siku alipokwenda kumzika. Akaomba nimpe picha moja ya Albano, akaishika tu, akairudisha.

Fungu la tatu lilikuwa la baada ya vita. Askari waliorudi kutoka Burma walikuja na magazeti ya kigeni mikobani, yana watu wenye vichwa vikubwa na mistari michache, na maneno yamewekwa ndani ya povu linalotoka mdomoni. Mzee aliyaazima, akayakodolea mpaka wenyewe wakayadai. Hakujua kuyasoma, lakini alijua yanavyochekesha. Akatupa patasi, akashika kalamu. Alinieleza alivyogundua kwa kujifunza mwenyewe kwamba ukichora kila kitu, macho ya msomaji hupotea. Ukichora kimoja tu, ukakikuza, msomaji hukimbilia pale pale.

Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Matege.

Alikuwa na mistari mitatu. Mmoja wa mgongo, miwili ya miguu, imepinda kama mabano. Juu yake kofia. Katika picha ya kwanza mbuzi anakimbia, na Bwana Matege amesimama katikati ya njia kumziba. Ya pili mbuzi amepita katikati ya miguu. Ya tatu Bwana Matege anageuka kumtafuta. Ya nne mbuzi amerudi, amepita tena, na povu la mdomo wake linasema, "Mlango mzuri huu."

Nilicheka mpaka Nassibu akashtuka mgongoni akaanza kulia, nami nikawa nambembeleza huku nacheka. Mzee Sadallah hakucheka. Alingoja nimalize.

"Anaitwa Adelard," akasema.

Nikaiweka ile picha mkekani.

Adelard alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtunza stoo kwenye karakana moja, Mkristo, mtu wa kuvaa shati lililopigwa pasi. Tangu kuzaliwa alikuwa na matege. Yeye na Sadallah walipanga nyumba moja miaka tisa, na walikuwa watani, kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Kila asubuhi walitukanana kabla ya chai. Sadallah alimwambia nyie mlikuja pwani na mizigo kichwani, mmetua mizigo mmesahau kurudi. Adelard naye alimjibu nyie Wazaramo mngalijenga mji huu nyinyi wenyewe, ungalikuwa ngoma tupu na nazi mbili. Juu ya miguu yenyewe walikuwa wakitaniana siku nyingi. Adelard mwenyewe alikuwa akisema amezaliwa mpanda farasi, ila farasi ndiye aliyechelewa.

Basi Sadallah alipomchora aliona hajafanya jipya. Ni utani uleule, umetoka uani umekaa kwenye karatasi. Adelard alipoliona gazeti la kwanza alicheka, akasema Sadallah amemchora mbuzi vizuri kuliko yeye.

Lakini gazeti halikukaa uani. Mpemba wa duka la mafuta ya taa akamwita Bwana Matege. Watoto wa Ilala wakamfuata nyuma wakipinda miguu. Msimamizi wake wa Kizungu, aliyekuwa akimwita Adelard kwa miaka kumi na mmoja, akaanza kumwita Matege mbele ya vibarua, bila kucheka, kama ndilo jina aliloandikiwa kazini. Hawa hawakuwa watani wake. Mtani akikutukana unamtukana, mnalingana, mnakwenda kunywa chai. Hawa angewajibu nini? Na lile gazeti angelijibu kwa mdomo gani?

Nikakumbuka kicheko changu cha muda mfupi uliopita. Nami sikuwa mtani wake.

Nilimwuliza kama Adelard alimwambia aache. Mzee akasema alimwambia mara moja, kwa upole, wakiwa wananawa miguu uani. Yeye akamjibu, "Mtani hakasiriki." Ni kweli, mila haimruhusu mtani kukasirika. Adelard akafunga mdomo, na Sadallah akaendelea kumchora miaka mitatu.

"Nilijua," aliniambia. "Usije ukadhani sikujua. Lakini watu walikuwa wananisimamisha njiani, Mama Nassibu. Katika ile miaka ya watu wima nani alinisimamisha? Nilikuwa nimechora heshima miaka kumi na tano, hakuna aliyeuliza mchoraji ni nani."

Halafu mke wa Adelard, Auleria, akafa na mtoto tumboni.

Kwetu, mtu akifa, mtani ana kazi yake msibani. Yeye ndiye anayeruhusiwa kucheka. Atavaa nguo za marehemu, ataiga anavyotembea na anavyogomba, atalala njia ya kaburini adai apewe kitu ndipo watu wapite, na waliofiwa watajikuta wanacheka katikati ya machozi, moyo upate pa kupumulia. Maiti asiyetaniwa ni kama aliyezikwa na wageni. Sadallah alifika mapema. Akaingia chumbani, akajifunga kanga ya Auleria, akachukua mwiko wake, akatoka uani anamgombeza Adelard kwa sauti ya Auleria juu ya kuni mbichi. Wanawake wakaanza kucheka na kulia.

Adelard alikuwa amekaa juu ya mkeka. Akainua uso.

"Vua, Sadallah," akasema. "Utani wako ulikwisha kuuuza gazetini. Huna tena wa kunipa mimi."

Sadallah akaivua ile kanga mbele ya watu wote, akaikunja, hakujua aiweke wapi, akaishikilia mpaka mazishi yalipokwisha. Hakuna mtani mwingine aliyethubutu. Auleria alizikwa bila mtu kumcheka. Mwezi haukuisha, Adelard akaacha kazi, akahamia shambani Tabata, akalima mihogo. Bwana Matege akakoma gazetini wiki ileile. Mzee alisema alikoma wiki mia moja na hamsini baada ya siku aliyostahili kukoma.

Hiyo ndiyo habari aliyoiumua Hamisa. Haikuhitaji hata hamira.

Siku zilizobaki tulipanga karatasi bila maneno mengi. Niliandika miaka nyuma ya kila moja kwa penseli. Mafungu ya thelathini na ya vita yalikuwa tayari, yamefungwa. La Matege lilikaa peke yake kwenye mkeka, na Mzee hakuligusa wala hakuniambia nilirudishe sandukuni. Nassibu alikuwa akitambaa kulifuata, mimi nikawa namvuta mguu.

Siku ya kumi na nne Bwana Leodegar akaja. Alizipekua picha za zamani haraka, kama mtu anayehesabu shuka za dobi, akauliza Matege yuko wapi. Mzee akamwambia Matege haendi.

Leodegar akacheka kwanza. Alipoona si mzaha akaketi kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akasema bila Matege hakuna kitabu.

"Mzee wangu, nani atanunua watu wanane wanaokula kwa mkono wa kushoto?"

Nilimtazama Mzee Sadallah. Alikuwa ameelekeza uso kwenye lile fungu la mkekani kana kwamba analiona. Najua kitabu alikitaka. Jina lake halikuwahi kuandikwa mahali popote, na hiki kingekuwa na jina lake juu, na la Albano ndani. Leodegar akaanza kufuta tairi la baiskeli kwa kidole.

Ndipo Mzee akasema Matege anaweza kwenda, kwa sharti moja. Ukurasa wa mwisho wa kitabu si wake, ni wa Adelard, na Adelard atajibu humo lolote analotaka, wala kiwanda kisibadili hata nukta. Adelard akikataa, Matege watarudi sandukuni na kitabu kisitoke, na hayo ameyaridhia. Leodegar akauliza huyo Adelard ni nani, mchoraji wa gazeti gani. Mzee akamwambia ni mtu mwenyewe. Leodegar hakuelewa, au alielewa akaona ni mambo ya wazee. Akasema atangoja mpaka Jumatatu, akaondoka.

Nikaanza kukusanya karatasi. Mzee akanizuia kwa mkono, akaniomba nikae. Nikampakata Nassibu. Akayasugua macho kwa nyuma ya kidole, kama mtu mwenye vumbi.

"Adelard hajui kuchora," akasema. "Na mimi nikienda, ataona nimekuja kuomba msamaha, atanipa msamaha, ni Mkristo. Msamaha siutaki, mwanangu. Namtaka mtani wangu. Kesho Jumamosi baba Nassibu yuko nyumbani, mwombe ruhusa uende Tabata. Uliza shamba la Mnyamwezi wa stoo, utaonyeshwa. Mpe shikamoo yake kwanza, na ukubali chochote atakachokupa kula. Kisha mwambie Sadallah ameomba atukanwe. Yeye aseme, wewe uchore. Akisema kichwa changu ni fenesi, chora fenesi. Akisema nimepofuka kwa kuchungulia miguu ya watu, chora hivyohivyo, usinihurumie. Na mistari iwe michache, hata muuza kahawa wa Kariakoo anijue."

Nikamwambia mkono wangu ni wa maua tu. Akasema mkono wowote unafaa, wake yeye ndio uliokuwa mzuri mno.

"Na akikataa kusema neno?" nikamwuliza.

Alikaa akisikiliza, sijui anasikiliza nini, maana uani hapakuwa na mtu.

"Akikataa usimsihi," akasema. "Niangalizie tu anatembeaje siku hizi, uje uniambie."